Kreti Mbele ya Cherehani

Mama Pindo hakuanza kumfundisha mtoto wake kusoma kwa kutaka sifa. Alianza kwa sababu chekechea iliyo karibu na sisi inafungwa saa sita mchana, na mzazi ambaye hajafika langoni saa hiyo anamkuta mtoto wake amekaa juani na mlinzi kama mzigo uliokosa mwenyewe. Sasa niambiwe, ni nani ana kazi inayoisha saa sita? Nimeuliza watu wengi na wote wananiangalia tu. Mama Pindo ni fundi cherehani. Saa sita ndiyo saa ya mteja kuja kuchukua nguo yake, na akikuta kiti kitupu anavuka barabara kwa fundi mwingine, na kurudi harudi.

Mimi ni fundi viatu, hapa wananiita Soli. Tunatumia kibaraza kimoja mbele ya duka la rangi na misumari, yeye upande wa mlango na mimi upande wa ngazi. Tumekaa karibu kiasi kwamba kibiringo chake cha uzi kikianguka kinakomea mguuni kwangu. Jina la Mama Pindo alipewa na wateja, kwa kuwa hawezi kuona pindo la nguo limefumuka akanyamaza. Hata mtu asiyemjua akipita zake njiani, atamwita: "Dada, pindo lako limelegea nyuma, njoo nikushikizie." Anamshikizia amesimama hivyo hivyo, wala hamdai kitu.

Mume wake yuko kwenye ujenzi wa barabara, mbali. Akija analala, anakula, anatengeneza bawaba ya mlango, anaondoka. Kwa hiyo mtoto ni wa mama na cherehani. Naye ana jina la kibarazani: Kifungo. Alipokuwa akitambaa alimeza kifungo cha koti la mteja, na sisi sote, pamoja na mwenye koti, tukakaa kukisubiri. Kilipotoka, mwenye koti alisema hakihitaji tena.

Kifungo alipoanza kuuliza maana ya kila kilichoandikwa, kwenye mifuko ya saruji na makopo ya rangi, mama yake akaamua kumfundisha mwenyewe. Lakini akae wapi? Kulia kwa Mama Pindo kuna gurudumu la cherehani na mkanda wake, na mkanda ule hauchagui kidole. Kushoto kuna meza ndogo yenye pasi ya mkaa, na ile pasi ikiwashwa asubuhi haipoi mpaka jioni. Nyuma kuna ukuta. Mahali palipobaki ni mbele tu, ng'ambo ya cherehani, wanaposimama wateja. Mama Pindo akaweka kreti la soda pale, akaligeuza kitako juu, akatandika kipande cha blanketi. Ndiyo ikawa shule.

Niliiona shule hiyo kila siku ya kazi, na nitasema wazi kwamba ilikuwa shule. Mama Pindo alichukua kitambaa cheusi kilichobaki kwenye suruali za watu, akakitandaza juu ya meza ya cherehani, akaandika kwa chaki ya kupimia nguo. Mguu ukikanyaga, mkono ukisukuma nguo, mdomo ukisomesha.

"Hii nini?"

"Ma."

"Na hii?"

"Ma."

"Ukiziweka pamoja?"

"Wewe."

Baadaye akanunua kitabu cha kusomea, kile cha picha za wanyama. Alikilaza wazi karibu na sindano, akafika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, akasogeza kidole mstari mmoja mbele. Kifungo alisoma kutoka kwenye kreti lake. Akishika chaki, aliandika pale pale mezani, na mama yake alitazama akasema, "Hiyo 'k' imelewa, isimamishe." Hesabu walifanya kwa vifungo, na safari hii hakikumezwa hata kimoja.

Wateja hawakukosa la kusema. Kuna mama mmoja mwenye magauni mengi aliyezoea kuniuliza mimi, kana kwamba Mama Pindo hayupo: "Hivi huyu anashona au anasomesha?"

"Vyote, dada," Mama Pindo alimjibu. "Gauni lako halijalalamika."

"Lakini mtoto anahitaji walimu. Waliosomea."

"Ni kweli. Na wewe unahitaji gauni Ijumaa."

Mwaka ulipokaribia kuisha, Kifungo alikuwa akisoma kitabu kile chote, na magazeti ninayofungia viatu pia, ila maneno marefu aliyaruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Umri wa darasa la kwanza ulikuwa umefika. Na shule ya msingi ya karibu ilikuwa ndiyo ile ile iliyompa Mama Pindo kazi ya kushona sare zake. Sketi na kaptula za watoto wa watu zilikuwa zimejaa kibarazani hadi zikaegemea viatu vyangu. Sketi ya Kifungo aliishona ya kwanza kabisa, kwa pindo refu la kufunguliwa kadiri atakavyokua, akaitundika kwenye msumari mbele ya macho ya mtoto.

Siku ya usaili tulikwenda sote, kwa kuwa kulikuwa na furushi la sare la kupeleka stoo ya shule na mbebaji nilikuwa mimi. Wazazi walipanga mstari uani. Mwalimu wa darasa la kwanza, mama wa makamo mwenye sketi ya kijivu, aliketi kwenye benchi chini ya dirisha la darasa, akiwaita watoto mmoja mmoja.

Kifungo alimwamkia, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Shika hiki, unisomee."

Mtoto akapokea kitabu kwa mikono miwili. Akakitazama. Kisha akakigeuza taratibu, juu kukawa chini, akakiweka mapajani, akaunyoosha ukurasa kwa kiganja kama mama yake anavyonyoosha kitambaa, akavuta pumzi ili aanze.

Mwalimu akakichukua.

"Hata kushika kitabu hajui," alisema, na hakusema kwa sauti ndogo. Akampa penseli na karatasi. "Haya, andika 'mama'."

Kifungo akaandika. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake, akichungulia begani. "Hizi alama gani? Na mbona unaanza huku? Mama mzazi, huyu mtoto amepita chekechea?"

"Nimemfundisha mwenyewe, mwalimu. Anasoma. Mpe tena kitabu, leo ameshtuka."

"Ndiyo, nimeona ulivyomfundisha." Watu wa mstarini wakacheka. Baba mmoja aliyemshika mwanawe kwa ukosi wa shati akasema, "Huyo anasoma kwa kisogo," na wakacheka zaidi. "Mpeleke chekechea mwaka mmoja," mwalimu akamaliza. "Umlete mwakani. Anayefuata."

Hivyo tu. Hakumsikia mtoto akitamka hata neno moja. Mimi kiatu kikiletwa kwangu nakigeuza, nakagua kisigino, natia mkono ndani nione msumari uliomchoma mwenyewe uko wapi, ndipo nasema kimeharibika au hakijaharibika. Na hicho ni kiatu tu. Mtoto alihukumiwa kabla hajafungua mdomo, mbele ya watoto atakaokutana nao njiani maisha yake yote, na mbele ya furushi la sare alizoshona mama yake.

Mwalimu alipogeuka kumwita mwingine, niliona pindo la sketi yake limefumuka nyuma, limening'inia. Nikamtazama Mama Pindo. Alikuwa ameliona. Hakusema neno.

Tukashika njia ya kurudi. Mwaka mmoja chekechea maana yake ni saa sita ile ile langoni, kila siku, na kiti kitupu kibarazani, na mtoto anayesoma magazeti akiimbishwa majina ya matunda. Au mwaka mwingine juu ya kreti, wenzake wakipita mbele yake na mabegi. Mama Pindo alitembea kama anayesukuma kitu.

Tulipofika, akalaza kitabu karibu na sindano. "Panda. Soma."

Kifungo akapanda kretini akasoma. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, na wa tatu bila kuambiwa.

"Sasa kule ulipatwa na nini?"

"Mwalimu aliniletea kimegeuka," mtoto alisema. "Nikakiweka sawa. Akaninyang'anya."

Mama Pindo aliuondoa mguu kwenye kanyagio. Kisha akainuka, akazunguka cherehani, akaja kusimama ng'ambo, kwenye nafasi ya wateja, kando ya kreti. Akainama hadi kichwa chake kikawa sawa na cha mtoto, akatazama kitabu. Nami nikainuka kwenye kigoda changu nikaenda kutazama.

Kutoka pale herufi zote zilikuwa kichwa chini.

Muda wote ule mama alikuwa akimwandikia mtoto herufi zikiwa zimemtazama yeye mama. Mtoto alizijifunza kama alivyoziona kutoka upande wake, miguu juu. Na alipoziandika, aliziandika vile vile, kwa hiyo kwa mama aliyekaa ng'ambo zilikuwa zimesimama vizuri kabisa. Mama aliona sawa, mtoto aliona sawa. Mimi na mama yake tunakaa tukitazama upande mmoja, kwa hiyo nami niliona sawa.

"Kumbe," Mama Pindo alisema. Akakaa kitako juu ya kreti, mtoto akampisha. "Kumbe mwanangu umesomea upande wa wateja."

Nilidhani atalia. Alicheka, lakini kicheko kilikatika haraka, na kilichofuata kilikuwa hasira. "Na yule hakutaka hata kumsikia. Angemwacha avute pumzi tu. Kaka Soli, funga vitu vyako, tunarudi."

"Leo?" nikauliza.

"Ulitaka nirudi mwakani?"

Mwalimu alikuwa bado benchini, lakini mstari ulikuwa umekwisha. Mama Pindo alimweleza, pole pole, kama anavyomweleza mteja kwa nini kitambaa hakitoshi. Mwalimu alisikiliza huku akipanga penseli.

"Sawa, mama. Tuseme anasoma. Anasoma kichwa chini. Mimi darasa langu limejaa hadi mlangoni. Nimgeuzie yeye peke yake ubao?"

"Sikuombi ugeuze ubao. Naomba umsikilize."

"Nimeshamaliza usaili."

"Wangu hujauanza."

Mwalimu akasema kama ana shida aende kwa mwalimu mkuu, na akainuka kuongozana naye, nadhani ili awahi kumpa mkuu maelezo yake.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mnene mpole, na mezani kwake palikuwa na kikombe chenye rangi za timu yake na gazeti lililofunguliwa ukurasa wa michezo. Alitukaribisha. Alimsikiliza mwalimu kwanza, kisha mama, halafu akaweka viganja pamoja, na nikajua tunapewa hotuba.

"Mama, mimi siku zote nawaambia wazazi: kazi ya kufundisha tuachieni sisi. Na kama ni nyumbani, basi mzazi atenge muda. Akae na mtoto, ubavuni, wametulia, hakuna kazi nyingine. Sasa wewe ulikuwa unashona. Umeona matokeo?"

"Nilikuwa nashona, mzee," Mama Pindo alisema. "Ulitaka niache? Nilikuwa nashona sare za shule yako. Huo muda wa kutenga mnaousema, ukikutwa mahali mniite, na mimi nikauchukue. Mnafunga chekechea saa sita, mnasema mzazi awepo. Mzazi akiwepo, mnasema aache kazi. Akiacha kazi, mnasema mtoto aje na viatu na begi. Sasa mimi nifanye lipi, na lipi nilifanye kwa mkono upi?"

Kabla mwalimu mkuu hajajibu, Kifungo, aliyekuwa amesimama mbele ya meza kidevu kikiwa juu ya ukingo wake, akasoma:

"Wa-fu-ngwa. Wafungwa tena. Wafungwa tena nyumbani."

Mwalimu mkuu akafunika gazeti kwa kiganja, haraka, kama mtu aliyekutwa.

"Nani kakwambia?"

"Limeandika hapo."

Akaondoa mkono taratibu. Kwa wema akalizungusha gazeti limwelekee mtoto, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. "Endelea basi."

Kifungo akalitazama. Akakunja uso. Kisha akanyoosha mikono, akalizungusha gazeti likarudi lilivyokuwa, limtazame mwalimu mkuu. "Ko-cha a-se-ma. Kocha asema wa..." Neno lilikuwa refu, akaliruka. "...hawakujituma."

"Hawakujituma kabisa," mwalimu mkuu alisema kwa uchungu, akasahau kidogo kwamba tupo. Kisha akamgeukia mwalimu. "Huyu mtoto anasoma."

"Ana kasoro, mkuu. Kichwa chini si kusoma. Na mwandiko wake je?"

Na hapo mkuu, ambaye ameona kwa macho yake na kusikia kwa masikio yake, alifanya wanachofanya wakubwa: akatafuta katikati. Nafasi ya Kifungo itawekwa. Lakini siku ya kufungua shule lazima ashike kitabu kama wenzake na asome kama wenzake, mbele ya mwalimu wake.

"Na akishindwa?"

"Basi atasubiri mwakani, mama. Ndiyo utaratibu."

Utaratibu. Mtoto ametimiza lililotakiwa na zaidi, na bado anapewa mtihani ambao mtoto mwingine yeyote uani pale hakupewa.

Likizo ile kibaraza chetu kilipangwa upya. Pasi ya mkaa ilihamia kwangu, kati ya kigoda na ngazi, ikanichoma goti siku ya kwanza na ya pili, nikajifunza kukaa upande. Kreti likaenda kushoto kwa Mama Pindo, pasi ilipokuwa. Alilazimika kuachia kanyagio kila mara, kwa kuwa huwezi kushona na kugeuka ubavuni kwa wakati mmoja, na sare za watu zilikuwa zikingoja. Yule mama wa magauni alikuja akamkuta amesimamisha cherehani, akaniuliza tena kama anashona au anasomesha. Safari hii Mama Pindo aliinama tu kitabuni.

Maana mtoto aliteseka. Aliyekuwa akisoma huku akipunga miguu sasa alisoma kama anasukuma mkokoteni mlimani.

"Kimegeuka, mama."

"Hakijageuka. Sisi ndio tulikuwa tumegeuka."

"Mimi nilikuwa naona vizuri."

"Najua."

"Basi kwa nini nihame mimi? Si wahame wao?"

Mama Pindo alinitazama nimsaidie. Mimi nikainamia soli niliyokuwa nikiigundisha. Mtoto alikuwa na haki, na haki yake isingemwingiza darasani.

"Wao ni wengi," mama yake alisema mwishowe. "Soma."

Kuna siku alitupa chaki barabarani. Kuna siku alisubiri mama yake akipima mteja, akabeba kreti akalirudisha mbele, akapanda, akajisomea ukurasa mzima haraka haraka, kama mtu anayekula kwa kujificha. Mama Pindo alimwona. Alimwacha amalize, kisha akalibeba kreti mwenyewe akalirudisha ubavuni.

Siku ya kufungua shule Kifungo alivaa sketi iliyotoka msumarini. Tulisimama dirishani, mimi nikiwa na furushi la mwisho. Darasa lilijaa kweli, katika hilo mwalimu hakudanganya. Akamwita mbele, akampa kitabu.

Mikono ya Kifungo ikaanza kukigeuza. Ilianza yenyewe, mtoto wala hakujua. Kitabu kikafika nusu ya safari, kikasimama kwa ubavu hewani, na Mama Pindo akashika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili. Kifungo akakitazama kitabu, akamtazama mwalimu. Akakirudisha. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma. Alisoma polepole mno, akikwama kwenye maneno aliyokuwa akiyapita mbio kabla ya likizo. Mstari mmoja, miwili, mitatu. Hakuruka hata neno refu.

"Vizuri," mwalimu alisema, na nadhani alikuwa amefurahi kweli. "Umeona? Sasa umejua kusoma. Kaa kule nyuma."

"Alikuwa anajua, mwalimu," Mama Pindo alisema kutoka dirishani. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini darasa lilikuwa kimya. "Alichojifunza ni mahali unapotaka akae."

Mwalimu aligeuka. Akaona watoto wote wanamtazama, akachukua chaki akaenda ubaoni. Alipotupa mgongo, pindo lile la sketi ya kijivu lilikuwa bado limening'inia, tangu siku ya usaili, na sasa lilikuwa limefumuka zaidi.

Tulipotoka langoni nikauliza, "Umeona pindo lake?"

"Nimeliona."

"Hujamwambia."

"Aende nalo hivyo hivyo," Mama Pindo alisema. Tangu nimfahamu sijawahi kumsikia akisema hivyo juu ya nguo ya mtu.

Kibarazani alikaa, akaweka mguu kwenye kanyagio, na cherehani ikanguruma mfululizo bila kusimama kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze. Kreti lilikuwa tupu ubavuni kwake. Niliona ni wakati wangu wa kupumzisha goti, nikaishika pasi kwa mpini niirudishe mahali pake pa zamani.

"Iache huko huko, kaka," alisema bila kuinua macho. "Atarudi na kazi ya nyumbani. Atakaa wapi?"

Nikaiacha.